Vipele vya kuzunguka mdomo: tyubu, jeli, vidonge au kuacha vyote? Pima kwa wiki ya nane, sio kwa siku ya tatu

Mie na wifi yangu wa Wete, Pemba, vipele hivi vilitupata mwaka mmoja. Yeye vilimuanzia ubavuni mwa pua vikashuka mpaka kidevuni, mie vikanizunguka mdomo wote, vidogo vidogo, vigumu, vingine vina ncha ya maji, vinachoma kuliko kuwasha na ngozi inavuta ukicheka. Kosa la mwanzo tulilifanya sote wawili, halafu yeye akatibiwa kwa vidonge na mie kwa jeli ya kupaka, kwa hiyo njia hizi naweza kuziweka ubavu kwa ubavu bila ya kuhadithiwa. Naulizwa sana, mara na bi harusi mtarajiwa mara na mama wa mtoto, "wewe ulitumia nini?", na siwezi kujibu kwa neno moja manake dawa iliyonifaa mie mwengine haimtoshi, na iliyomfaa wifi, mwanamke mwenye mimba haruhusiwi hata kuigusa.

Kwanza hakikisha ndo vyenyewe. Madaktari wa ngozi wanaita perioral dermatitis, jina lililoanza miaka ya 1960, na wanaopata zaidi ni wanawake wa miaka 20 mpaka 45 hivi, ingawa watoto nao wanapata. Alama kubwa ni kijistari chembamba cha ngozi safi baina ya mdomo na vipele, yani mdomo wenyewe mzima, kando yake pameachwa mpaka, halafu ndo vipele vinaanza. Kama mdomo wenyewe umevimba na unabanduka hiyo pengine ni aleji ya lipstiki au ya kitu ulichokula. Kama ni pembe za mdomo tu zimechanika hilo ni jambo jengine. Kama kuna duara moja lenye magamba pembezoni na katikati pamepona fikiria choa, kama ni malengelenge yamejikusanya pahala pamoja yanauma na homa ya mdomo imeshawahi kukupata basi ndo hiyo tena, na kama kuna vichwa vyeusi na vyeupe hata kwenye paji la uso na mashavu basi ni chunusi. Halafu sisi wenye ngozi nyeusi tusisubiri kuona wekundu tunaousoma kwenye mitandao, kwetu vipele vinakuwa na rangi ya ngozi yenyewe au kahawia iliyokoza, na vikipona vinaacha madoa, ndo mana wengi tunachelewa kujua na tunakimbilia kung'arisha madoa wakati ugonjwa bado upo.

Sasa tyubu. Naanza nayo kwa sababu ndo watu wote wanaanza nayo, unakwenda duka la dawa unaonesha uso, unapewa tyubu ya klobetasoli au ya betamethazoni, au ile ya dawa tatu ndani ya moja, betamethazoni na jentamaisini na klotrimazoli, unaambiwa paka asubuhi na usiku. Na inafanya kazi! Hapo ndipo penye mtego, siku ya tatu uso umetulia, moto umezimika, unamshukuru aliyekuuzia. Unaacha, baada ya siku chache vimerudi na vimeongezeka, unapaka tena vinalala, unaacha vinarudi, na kila duru eneo linakuwa kubwa zaidi. Mie nilikwenda hivyo miezi mitano, wifi karibu mwaka mzima, na yeye tyubu yenyewe hakununulia vipele, alikuwa anachanganyiwa kwenye mkorogo wa kung'arisha uso na hajui ndani mna nini. Hizi klobetasoli na betamethazoni ni steroidi, yani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, na steroidi ya kupaka usoni ndo sababu inayojulikana kuliko zote ya ugonjwa huu. Inatuliza vilivyopo na huku inavilisha vinavyokuja, na ukiendelea ngozi inakuwa nyembamba na mishipa inaonekana.

Ukitaka kujua kama unayo nyumbani soma boksi, klobetasoli huanza na herufi C, betamethazoni na B, haidrokotisoni na H, na mengi ya majina haya huishia na "sone" au "sol". Kama boksi halina maandishi ya dawa iliyomo, au ni kikopo cha mkorogo kilichofungwa kwenye nailoni, hicho usikipake usoni hata iwe nani amekupa. Kwa hiyo kwenye ulinganisho huu tyubu inashinda siku ya tatu na inashindwa wiki ya nane, na kwa kuwa uso ni wako wa siku zote mie siihesabu kama ni chaguo.

Njia ya pili ni kuacha vyote. Watu wanaidharau kwa sababu hainunuliwi, lakini madaktari wanaiheshimu na wana jina lake kabisa, tiba ya sifuri. Unaacha steroidi, unaacha krimu, poda, faundesheni, mafuta ya mgando, sabuni yenye manukato, unaosha uso kwa maji ya uvuguvugu na basi. Kwa mtu ambaye vipele vyake ni vichache na vimeletwa na krimu nzito au vipodozi hii peke yake inaweza kumtosha, ila inachukua wiki kadhaa mpaka miezi. Kwa mtu wa tyubu ni hatua ya lazima lakini ajue kitakachomkuta, ukiacha steroidi uso unalipuka. Mie siku ya nne niliamka kope zimevimba kidogo, kuzunguka mdomo kunawaka kama nimepakwa pilipili, na hali hii huchukua siku kadhaa mpaka wiki chache, kutegemea umepaka dawa ya nguvu gani na kwa muda gani. Hapa ndo wengi wanarudi kwenye tyubu, wanaamini kumbe ile dawa ilikuwa inasaidia, wallahi roho inaniuma nikisikia mtu ameishia siku ya tano maana pengine alikuwa anakaribia kuvuka pabaya.

Kilichonisaidia ni kitambaa cha pamba cheupe nilichokilowesha maji ya baridi na kukiweka juu ya mdomo dakika kumi, mara tatu nne kwa siku, sio kusugua, kukiweka tu. Na kama umetumia klobetasoli miezi mingi usijiachishe peke yako, muone daktari, wengine hukushusha kwanza kwenye haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa muda mfupi ndo wakuachishe kabisa, wengine hukata siku hiyo hiyo lakini wanakuanzishia vidonge vikukinge. Wifi alifanyiwa hivi vya pili.

Tukija kwenye jeli na vidonge, hapa ndo pa kuchagua kweli maana zote mbili ni dawa halali na zote zinaponesha.

Jeli yangu ilikuwa ya metronidazoli asilimia 0.75, ni ile ile flajili tunayoijua ya tumbo lakini imetengenezwa kwa kupakwa, safu nyembamba mara mbili kwa siku. Usije ukasaga kidonge cha flajili ukachanganya na mafuta, nimeona mtu amefanya hivyo akapata kidonda. Uzuri wa jeli ni kwamba haiingii sana mwilini, haikuchafui tumbo, haikufanyi uungue na jua kwa wepesi kama vidonge ingawa jua kali bora uliepuke, na kama una ugonjwa mwengine unaokunywia dawa haigongani nazo sana. Ubaya wake ni upole, wiki mbili za mwanzo mie sikuona kitu, wiki ya nne vimepungua nusu, wiki ya nane vimebaki viwili vitatu kidevuni, nikaendelea mpaka ya kumi. Ngozi inakauka kidogo na pengine inachoma ukiipaka baada tu ya kuosha, kwa hiyo subiri uso ukauke vizuri kwanza. Kwenye jamii hii hii ya kupaka kuna erithromaisini na klindamaisini, kazi yao inakaribiana, na kuna asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20 ambayo mie ningeiomba kama ningeipata kwa sababu inapunguza vipele na madoa meusi pamoja, na kwa ngozi zetu madoa ndo yanayokaa mwaka baada ya ugonjwa kuondoka. Tatizo lake ni kuipata, mie maduka ya Darajani niliyoyapitia sikuikuta, na mwanzo inachonyota. Iko pia pimekrolimasi, ambayo hutuliza bila ya kuwa steroidi na inawasaidia hasa walioharibiwa na tyubu, lakini bei yake sio ya kila mtu.

Vidonge vya wifi vilikuwa doksisaiklini, ni antibiotiki, miligramu 100 kwa siku. Yeye wiki ya tatu tu watu walikuwa wanamwambia uso umerudi, wakati huo mie bado najifunika mtandio mpaka puani. Na hii sio bahati yake, mwaka 1991 madaktari wa Denmark waliwapima wagonjwa zaidi ya 100, nusu wakapaka krimu ya metronidazoli asilimia 1 na nusu wakameza tetrasaiklini, ndugu wa doksisaiklini, kwa wiki 8, na vidonge vilikwenda haraka na mwisho wake vikawa mbele, ingawa waliopaka nao walipata nafuu kubwa. Kwa hiyo kama ni haraka na nguvu vidonge vinashinda, hilo halina ubishi. Doksisaiklini pia ni rahisi kuipata na sio ghali, ndo ile ile watalii wanameza kila siku kujikinga na malaria.

Lakini vina masharti na masharti yenyewe yanagusa maisha yetu ya hapa. Jua kwanza. Doksisaiklini inafanya ngozi iungue na jua kwa wepesi, wifi yeye yuko dukani kivulini hakupata shida, lakini jirani yake analima mwani, yuko pwani maji yakitoka mpaka yarejee, jua la juu na mwanga wa maji unaorudi kutoka chini, mtu kama huyo bora jeli na kama lazima vidonge basi ajifunike kweli kweli. Pili ni namna ya kumeza, maji gilasi nzima na ukae wima nusu saa au zaidi, usimeze ukalala kwa sababu kidonge kikikwama kinaunguza koo. Mwezi wa Ramadhani watu hukosea hapa, wanakimeza daku ya mwisho na funda moja la maji halafu wanarudi kitandani, kimeze baada ya futari ukiwa na masaa ya kukaa na kunywa maji. Usikichanganye na maziwa wala vidonge vya kuongeza damu wala dawa ya kiungulia kwa wakati mmoja, vinakizuia kisiingie mwilini, achanisha masaa mawili matatu. Tumbo linaweza kuchafuka, na baadhi ya wanawake hupata fangasi sehemu za siri. Na unameza wiki 6 mpaka 12 kama ulivyoandikiwa, sio mpaka vipele vitoweke halafu umgaie dada yako vilivyobaki.

Mjamzito kwake mlango wa doksisaiklini umefungwa, na mtoto chini ya miaka 8 pia, dawa za jamii hii zinaharibu rangi ya meno yanayokua. Hao hupewa erithromaisini, ya kupaka au ya kunywa, kwa kipimo cha daktari, na mjamzito asidi ya azelaiki pia inaruhusiwa. Mama mjamzito mwenye vipele vichache mie ningemwambia aache vyote kwanza, apake kilicho salama, na hao wanaomsema uso awaache waseme, akijifungua kuna nafasi ya mengine.

Watoto nataka kukaa nao kidogo kwa sababu mpwa wangu wa miaka mitano alipata. Watoto weusi wana namna yao, vipele vimebanana, vya rangi ya ngozi, vikavu havina usaha, kuzunguka mdomo, pua, hata kope na pengine masikioni, ilielezwa na madaktari wa Uingereza mwaka 1990 kwa watoto wenye asili ya Karibiani. Inatisha ukiiona lakini aghlabu inaondoka yenyewe baada ya miezi, na steroidi ya kupaka huichelewesha. Huyu wetu ana pumu, anatumia pampu yenye kifuniko cha usoni, na dawa iliyomo ndani ni steroidi inayobaki kwenye ngozi, dawa ikawa ni kumuosha uso na kumsukutua kila baada ya pampu. Jamani pampu usimuachishe mtoto, kifua ni muhimu kuliko uso, muoshe tu.

Sasa dawa za nyumbani, na hapa najua ntagombana na mashangazi. Liwa naipenda, nimekulia nayo, harufu ya liwa iliyosagwa kwenye msio na maji ya marashi kwangu ni harufu ya bibi yangu. Lakini kwenye vipele hivi nimejaribu na nimemuona wifi akijaribu, inapoza dakika zile ikiwa mbichi, ikikauka inavuta na ukiibandua unabandua na ngozi, na manukato yenyewe yanachokoza. Singo, ile ya kumsugulia bi harusi mwili, ndo usiguse kabisa, kusugua uso wenye vipele hivi ni kuvichimba, bi harusi aambiwe mapema na somo wake aambiwe, mwili sawa uso hapana. Mafuta ya karafuu yana yujenoli, ile inayotia ganzi jino, usoni inaunguza, na hata wifi msimu wa karafuu akichambua siku nzima akajigusa mdomo jioni anajua. Ndimu ni mbaya mara mbili, asidi yake inachoma na ukitoka juani nayo inaacha weusi wa miezi. Mafuta ya nazi mwilini neema, kuzunguka mdomo yanaziba, hasa joto la kaskazi. Mshubiri ukitumia ule ute mweupe wa ndani tu bila ya maji ya njano unapoza kweli, ila kupoza ni kupoza hauponeshi. Manjano yanatia rangi na huoni tena kama unapona au vipi. Kwa hiyo nikiziweka zote hizi pembeni ya kitambaa cha maji baridi, kitambaa kinazishinda, na hakina hasara.

Kuna vitu vidogo ambavyo ukivipuuza hata vidonge havimalizi kazi. Dawa ya meno, baadhi ya watu huchokozwa na floridi na wengine na ladha ya mdalasini au minti kali na povu, badilisha kwa miezi miwili utumie isiyo na ladha kali, piga mswaki kwanza ndo uoshe uso ili povu lisibaki, na ukitumia msuaki wa mti kwa muda huo hamna ubaya. Nikabu na barakoa zinaweka jasho na pumzi ya moto pale pale, sikwambii uvue, nakwambia ya pamba, uwe nazo nne tano, na iliyolowa jasho usiirudie kabla haijafuliwa na kusuuzwa sabuni yote ikatoka. Sanskrini nzito inayoacha utando pia huviamsha, chukua nyepesi au mwavuli.

Mimi ningepanga hivi. Vichache na hujawahi tyubu: acha vyote wiki nne kisha uangalie. Vya kati, au kazi yako ni ya juani, au hutaki vidonge: jeli, na ujitayarishe na subira ya wiki nane. Vingi, au umetoka kwenye klobetasoli ya miezi, au vimefika karibu na macho: vidonge kwa mkono wa daktari, na kuacha tyubu pamoja. Wengi huishia na vidonge na jeli kwa pamoja na hilo nalo ni sawa. Vya kwenye kope, vya mtoto, vya mjamzito na vilivyofika wiki ya nane bila ya kupungua hivyo vyote ni vya hospitali, Unguja anza Mnazi Mmoja, Pemba anza Chake, Wete au Abdalla Mzee kule Mkoani, na ukienda chukua vikopo vyote unavyopaka uviweke mezani kwa daktari, hata ule mkorogo unaoona haya kuutaja, kwa sababu daktari wa wifi alifahamu ugonjwa pale alipokiona kikopo kabla hata hajamgusa uso.

Na siku unayoanza piga picha, dirisha lile lile, saa ile ile ya asubuhi, bila ya poda. Halafu wiki ya nne na wiki ya nane. Kioo cha kila siku kinavunja moyo, mie ningeacha jeli wiki ya tatu kama si ile picha ya mwanzo iliyonionesha kwamba upande wa kushoto ulikuwa umeshasafika.